Nukta 256 za Kuanzia

Vijana wengi wanaotamani kutengeneza gemu huikimbilia sanaa ya pikseli kwa hesabu moja rahisi: picha ni ndogo, nukta zinahesabika, vivuli si vingi, kwa hiyo hata asiyejua kuchora ataiweza. Hesabu hiyo ina ukweli upande mmoja. Mhusika wa gemu anaweza kusimama ndani ya mraba wenye nukta 16 kwenda juu na 16 kwenda pembeni, na kila nukta huwekwa kwa mkono, bila brashi laini wala rangi zinazochanganyika zenyewe. Lakini jaribio la kwanza huwavunja moyo walio wengi. Uso unakuwa doa, mkono unashikamana na kiwiliwili, upanga hautofautiani na fimbo ya kuchungia. Hapo mwanagenzi huanza kutafuta dawa, na karibu kila dawa anayoiona inamwelekeza kwenye wingi: turubai kubwa zaidi, rangi zaidi, programu ya bei kubwa zaidi, kalamu ya kidijitali. Hoja ya makala haya ni kwamba dawa hizo zinamwongezea ugonjwa. Anayeanza sanaa hii anajifunza kwanza kukata shauri, na shauri hukatwa vizuri pale ambapo nafasi ni finyu kiasi kwamba kosa halina pa kujificha. Kwa hiyo ajiwekee mipaka mikali kwa makusudi, na asiilegeze mpaka awe na sababu anayoweza kuieleza.

Mipaka hiyo haikubuniwa na walimu; ililetwa na mashine. Waliokuwa na simu Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliishika mkononi bila kuipa jina. Kioo cha Nokia 3310, simu iliyotoka mwaka 2000, kilikuwa na nukta 84 kwa 48, yaani 4,032 kwa jumla, na kila nukta ama ilikuwa nyeusi ama haikuwepo. Ndani ya eneo hilo nyoka alitambaa, akala, akarefuka, akajigonga, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kuwa yule ni nyoka. Miaka 19 kabla ya hapo, mwaka 1981, Shigeru Miyamoto wa Nintendo alikabiliwa na tatizo la aina hiyohiyo alipomchora mhusika wa gemu ya Donkey Kong, yule ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Mario. Mdomo haukuingia kwenye nukta alizokuwa nazo, akamwekea masharubu chini ya pua kubwa. Nywele zilikuwa ngumu kuchora, na ngumu zaidi kuzifanya zipeperuke anaporuka, akamvika kofia. Mikono ilipotea mbele ya kifua, akamvalisha ovaroli ya rangi tofauti na shati ili mkono unapochezeshwa uonekane. Sura mojawapo inayotambulika zaidi katika historia yote ya gemu ni mkusanyiko wa majibu kwa matatizo ya nafasi, na hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichoanza kama pambo.

Mashine ya nyumbani ya kampuni hiyo, Famicom ya mwaka 1983, iliyouzwa Marekani na Ulaya kwa jina la NES, inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu masharti yake ndiyo yanayoigwa mpaka leo. Picha yake ilikuwa na nukta 256 kwa 240. Vitu vinavyotembea vilijengwa kwa vipande vya nukta 8 kwa 8 au 8 kwa 16, na kila kipande kiliruhusiwa rangi tatu tu, ya nne ikiwa ni uwazi. Vipande vinane tu viliweza kuonekana kwenye mstari mmoja wa mlalo. Cha tisa kilitoweka, na ndiyo maana maadui wakijazana katika gemu za wakati ule huonekana wakimemeteka. Kumbukumbu nayo ilibana. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, wingu la angani na kichaka cha ardhini ni mchoro uleule uliobadilishwa rangi, na wachezaji wengi walipita chini ya lile na mbele ya hiki bila kugundua. Wakati huohuo huko Marekani, Susan Kare alikuwa akichora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984. Alianzia kwenye daftari la karatasi ya miraba, kila alama miraba 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe, na amewahi kueleza kwamba uzoefu wa kazi za mozaiki na darizi ulimsaidia. Yeyote aliyemtazama mama wa Kimaasai akitunga shanga ataelewa jambo hilo haraka: ushanga haukatwi nusu wala haupakwi rangi pembeni, kwa hiyo umbo lote huhesabiwa kabla ya uzi kupita.

Sasa mashine zimekua na masharti yameondoka. Kwa nini basi mwanagenzi wa leo ajifunge kamba iliyokwisha kukatwa? Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Mraba wa 16 kwa 16 una nukta 256. Ukiukuza mara mbili kila upande unapata 1,024. Ukiukuza mara nne, 64 kwa 64, unapata 4,096. Katika mraba mdogo, nukta moja ya jicho ikisogezwa nafasi moja kushoto mhusika mzima anabadilika: alikuwa akitutazama sisi, sasa anatazama anakokwenda. Katika mraba mkubwa nukta hiyo ni vumbi, na mwanafunzi anaweza kuhangaika saa nzima asijue ni ipi kati ya maelfu iliyoharibu uso. Sababu ya pili ni kazi yenyewe. Gemu haihitaji picha moja. Mhusika anayetembea pande nne, kwa fremu nne kila upande, ni picha 16. Kwa ukubwa wa 16 kwa 16 hizo ni nukta 4,096, sawa na picha moja tu ya 64 kwa 64. Aliyechagua ukubwa wa 64 amejitwisha nukta 65,536 kwa kutembea peke yake, kabla mhusika hajaruka, hajapigwa wala hajafa. Gemu nyingi za wanaoanza hufia njiani kwa sababu hiyo, na wenyewe hudhani wamekosa kipaji, kumbe walibeba mzigo wa watu watano.

Pingamizi linalotolewa zaidi dhidi ya mafunzo ya namna hii ni kwamba ni ibada ya mashine zilizokufa, na kwamba wanaoisifu wanasifu utoto wao. Kwa baadhi ya watu tuhuma hiyo ni ya kweli. Lakini kazi bora za miaka ya karibuni hazionyeshi ibada. Shovel Knight ya mwaka 2014 imejengwa kwa sura ya NES, ila watengenezaji wake waliongeza rangi chache walizozihitaji, wakapanua picha ifae runinga za leo, na wakaacha kule kumemeteka kwa maadui. Walichagua masharti yaliyowafaa, mengine wakayatupa. PICO-8, programu ya kutengenezea gemu ndogo, ni mfano mkali zaidi, kwa kuwa inaigiza mashine ambayo haijawahi kutengenezwa na kiwanda chochote: skrini ya nukta 128 kwa 128, rangi 16 zisizobadilika, vipande vya 8 kwa 8. Mtu hawezi kuililia mashine ambayo haikuwepo. Watu wanaitumia kwa kuwa inawaondolea maswali mia moja kabla ya kuanza. Mwaka 2015 Maddy Thorson na Noel Berry walitengeneza humo, kwa siku nne, gemu fupi ya kupanda mlima iitwayo Celeste. Toleo kamili lilitoka mwaka 2018, likiwa bado na picha ya nukta 320 kwa 180 tu. Ni lazima tukiri kwamba mipaka peke yake haizai ubora, maana enzi ya NES ilizalisha pia lundo la gemu mbovu zilizofuata masharti yaleyale. Kinachoonekana katika mifano hii ni kidogo zaidi, nacho kinatosha: mipaka humfikisha mtu haraka mahali ambapo anaweza kuona kama wazo lake linafanya kazi.

Rangi ndiyo sehemu wanagenzi wanamopotea zaidi, na inastahili kukaliwa kuliko nyingine. Kompyuta ya kawaida inaonyesha rangi zaidi ya milioni 16, na programu humruhusu mtu kuchukua yoyote kila anapogusa kipanya. Matokeo yake ni mti wenye kijani za aina thelathini zinazokaribiana, ambazo hakuna hata moja yenye kazi. Mwambie mtu huyohuyo achore mti kwa rangi nne, kama ilivyokuwa kwa Game Boy ya mwaka 1989 yenye vivuli vinne na nukta 160 kwa 144, na ghafla kila rangi inadai cheo: moja ni ya ukingo na kiza, moja ya mwili, moja ya sehemu iliyopigwa na jua, ya nne ni ya kilicho nyuma. Gemu za kwanza za Pokémon, zilizotoka Japani mwaka 1996, ziliwatofautisha viumbe zaidi ya mia kwa vivuli hivyo. Akishazoea vinne, aende kwenye paleti ya rangi 16 iliyokwisha pangwa na mtu mwenye jicho, kama ile ya mchoraji ajulikanaye kwa jina la DawnBringer ambayo wengi huanzia. Kuazima paleti hakuna aibu yoyote, na pengine ni uamuzi wa busara kuliko wote atakaoufanya katika mwezi wa kwanza.

Makosa ya rangi yenyewe hujirudia kwa namna inayoweza kutabirika. La kwanza ni kutengeneza kivuli kwa kuongeza weusi na mwanga kwa kuongeza weupe, mpaka kila kitu kikawa na sura ya vumbi. Mchana wa jua kali, kivuli cha nje hupata mwanga wake kutoka angani, kwa hiyo huegemea ubuluu, na upande uliopigwa na jua huegemea umanjano. Jani basi linaposhuka kuingia kizani lisiwe tu kijani nyeusi. Lisogee kuelekea buluu, na linapopanda kwenye mwanga lisogee kuelekea manjano. La pili ni kutia giza kuzunguka ukingo wote na kuacha katikati peupe, hata mwamba, shavu na sanduku vyote vikaonekana kama mito iliyojazwa pamba. Chanzo chake si mkono mzito. Mchoraji hakuamua jua liko upande gani, na asiyeamua hilo atatia kivuli kila mahali kwa usawa kwa sababu hana sababu ya kupendelea upande mmoja. La tatu ni kupanga vivuli kwa ngazi zinazofuatana sambamba na ukingo, kiasi kwamba jicho linaona michirizi badala ya umbo. Zaidi ya hayo matatu kuna kipimo kimoja kisichodanganya: geuza picha iwe ya kijivu. Mhusika akizama ndani ya ardhi nyuma yake, tofauti ya giza na mwanga haitoshi, na hakuna uzuri wa rangi utakaomwokoa mchezaji anayetafuta adui yuko wapi.

Kuhusu mistari, maelezo mafupi yanatosha. Mstari wa mshazari katika pikseli ni ngazi, na ngazi nzuri ina hatua zinazobadilika kwa mpangilio. Upinde ambao hatua zake ni nukta 5, kisha 3, kisha 2, kisha 1 huonekana laini. Wenye 5, 1, 3, 1 huonekana umevunjika, na jicho huenda moja kwa moja kwenye kile kidonda. Wanaoanza hujaribu kuficha mvunjiko huo kwa kuweka nukta za rangi ya kati pembeni yake. Mbinu hiyo ipo na ina mahali pake, lakini ikiwekwa juu ya mstari mbovu huongeza ukungu tu. Panga hatua kwanza.

Vifaa navyo havistahili muda vinaopewa. Aseprite ndiyo programu inayotajwa zaidi na inauzwa, ingawa msimbo wake uko wazi kwa anayeweza kuijenga mwenyewe. LibreSprite, iliyotokana na toleo lake la zamani, ni ya bure, Pixelorama ni ya bure, na Piskel hufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Anayehitaji gridi, paleti, tabaka na fremu atavipata katika yoyote kati ya hizo, na kompyuta iliyochoka inazimudu. Yanayoharibu kazi ni mambo ya pembeni ambayo hayana uhusiano na kipaji. Picha ikihifadhiwa kwa JPEG, ukingo wa kila nukta hupakazwa. Ihifadhiwe kwa PNG. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida itabanwa vivyo hivyo, kwa hiyo itumwe kama faili. Injini za gemu kama Unity na Godot zina mpangilio wa kulainisha picha inapokuzwa, na usipozimwa, kazi ya wiki nzima inaonekana kama imetazamwa kupitia kioo chenye mvuke. Ukuzaji wenyewe uwe kwa namba kamili: nukta 320 kwa 180 mara nne ni 1,280 kwa 720, mara sita ni 1,920 kwa 1,080, na ndiyo sababu mojawapo ukubwa huo unapendwa. Jambo la mwisho linalowashinda hata waliobobea kidogo ni kuchanganya nukta za ukubwa tofauti kwenye skrini moja, mhusika akiwa na miraba mikubwa na mti nyuma yake ukiwa na midogo. Kila kimoja kinaweza kuwa kizuri kikiwa peke yake. Vikikaa pamoja, mchezaji anahisi vimeokotwa sehemu mbili, na mara nyingi ni kweli.

Yote hayo bado ni picha iliyosimama, na mafunzo mengi huishia hapo, jambo ambalo naliona ni upungufu mkubwa. Picha ya gemu hutazamwa na mtu ambaye vidole vyake viko kazini na ambaye ana nusu sekunde ya kuamua aruke au ainame. Katika Space Invaders ya mwaka 1978 kila kiumbe anayeshuka ana fremu mbili tu, miguu ndani na miguu nje, na zilitosha kuwatia watu jasho. Jordan Mechner alikwenda upande mwingine kabisa: kwa ajili ya Prince of Persia ya mwaka 1989 alimpiga video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akachora juu ya fremu hizo, na matokeo yake ni mwendo ambao hata leo unaonekana una uzito wa mwili. Lakini mwendo huo una gharama yake. Mkimbiaji halisi hachomoki wala hasimami papo hapo, kwa hiyo yule mwana wa mfalme anachelewa kidogo kumtii mchezaji, na gemu nzima ilibidi ipangwe kulingana na ucheleweshaji huo. Mwanagenzi anayeiga uhuishaji wa filamu huangukia hapa bila kujua. Anamchorea mhusika fremu sita za kujikunja kabla ya kuruka, zinapendeza sana, na gemu inakuwa nzito kama imefungwa jiwe, kwa kuwa mchezaji amebonyeza na hakuna kilichotokea. Mruko uanze kwenye fremu ya kwanza. Kujikunja kwa madaha apewe adui, ambaye mchezaji anahitaji kuonywa kwamba anakuja. Hukumu kama hii haiwezi kufundishwa kwenye programu ya kuchorea. Inahitaji mchoro uingizwe ndani ya gemu siku ileile, ungali mbaya, utembezwe, ugonge kuta, halafu urudishwe mezani.

Walimu wa sanaa wana pingamizi lao, na ni zito kuliko lile la ibada ya mashine. Wanasema pikseli ni lahaja, na mtu huanza na lugha: ajifunze kwanza kuchora kwa penseli, ajue mwanga, uwiano wa mwili, kina, ndipo aingie kwenye miraba. Wanaweza kuitaja Owlboy, gemu ya D-Pad Studio ya Norway iliyoanza kutengenezwa mwaka 2007 na kutoka mwaka 2016, ambayo kila sura yake inadhihirisha wachoraji wanaojua misuli, vitambaa na anga. Wana haki kuhusu kilele. Kwenye nukta 64 na zaidi, asiyejua bega linavyojishika na shingo ataumbuka. Kosa lao liko kwenye mpangilio wa safari. Kwenye nukta 16 hakuna bega. Kuna nukta mbili au tatu ambazo lazima zionekane bega, na kinachodaiwa ni kujua kipi kiachwe na kipi kitiliwe chumvi: kichwa kiwe theluthi ya mwili, mikono iwe mikubwa, silaha iwe ndefu kuliko ilivyo. Ujuzi huo huweza kupatikana sambamba na wa penseli, na wala haudai mwingine utangulie. Tena kuna faida ambayo daftari la michoro halitoi. Mwanagenzi anayekwama kwenye mraba mdogo anajua hasa amekwama wapi: hajui jinsi kunjo la nguo linavyopokea mwanga, au hajui mguu wa nyuma unakuwaje mtu anapokimbia. Anakwenda kuchora kwa penseli akiwa na swali mkononi. Anayeambiwa amalize miaka miwili ya misingi ndipo aguse gemu, mara nyingi hafiki kwenye gemu.

Kunakili kazi za wengine kunaingia hapahapa, nami sioni haja ya kuzunguka. Kuchukua mhusika wa gemu ya zamani na kumchora upya nukta kwa nukta ni zoezi bora, maana hulazimisha mtu aulize kwa nini nukta ile iko pale. Kumtia mhusika huyo kwenye gemu yako na kuiweka sokoni ni wizi, na kumbadilisha rangi ya shati hakubadilishi hukumu.

Halafu kuna swali la mashine zinazochora. Mtu anaweza kuuliza kwa nini ahangaike na nukta moja moja wakati kuna njia za kuziruka, na ana mfano halali. Dead Cells ya studio ya Motion Twin, Bordeaux, Ufaransa, iliyotoka kamili mwaka 2018, haikuchora wahusika wake fremu kwa fremu. Iliwajenga kwa maumbo ya pande tatu, ikawachezesha, kisha ikayapunguza maumbo hayo mpaka yakawa picha ndogo za pikseli. Ni kazi nzuri, na wanaoisema si pikseli halisi wanatetea utaratibu badala ya kuangalia matokeo. Tuitazame vizuri lakini: njia ile iliokoa muda wa kuchora mamia ya fremu, haikuokoa uamuzi wowote. Bado kuna mtu aliyeamua mhusika awe na umbo gani la nje, rangi ipi ing'ae, fremu zipi ziondolewe ili pigo liume. Programu za akili mnemba zinazotoa picha kwa maelezo ya maneno ziko kwenye hali tofauti kidogo. Picha zao mara nyingi zina sura ya pikseli bila kuwa nazo: miraba haikai sawasawa kwenye gridi, ukubwa wake unatofautiana, rangi ni mamia, na fremu ya pili ya kutembea haimkumbuki mtu wa fremu ya kwanza. Huenda kasoro hizo zikapungua, na hoja inayozitegemea pekee itachakaa nazo. Lenye kudumu ni hili: anayepokea picha kumi kutoka kwa mashine bado lazima ajue ipi inasomeka ikiwa ndogo, ipi inagongana na vigae vya ardhi vilivyo chini yake, na ipi irekebishwe wapi. Asiyewahi kuhangaika na nukta 256 hana kipimo cha kuchagulia.

Litakalosemwa mwisho ni kwamba wachezaji hawajali. Undertale ya Toby Fox, mwaka 2015, ilipendwa duniani kote ikiwa na michoro ambayo mwanafunzi wa sanaa angeiita ya haraka, na sehemu kubwa ya mapambano yake ni nyeupe juu ya nyeusi. Ni kweli, na mfano huo unaisaidia hoja ya makala haya kuliko unavyoidhuru. Michoro ya Undertale ni michache kwa rangi na ina kauli moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kila mhusika hutambulika kwa umbo lake tu. Ilikataa kushindana mahali isipoweza. Eric Barone alichagua njia ndefu zaidi. Kwa zaidi ya miaka minne alitengeneza Stardew Valley peke yake, msimbo, muziki na picha, mpaka ikatoka mwaka 2016, na katika muda huo alirudia michoro yake mara kwa mara kadiri mkono ulivyokuwa ukikua, sura za wanakijiji hasa. Vigae vya gemu ile ni nukta 16 kwa 16. Kurudia kote kule kuliwezekana kwa sababu kila kipande kilikuwa kidogo kiasi cha kutupwa bila kilio. Angeanza kwa vipande vikubwa mara nne, picha mbaya za mwaka wa kwanza zingebaki humo mpaka mwisho kwa kukosa mtu wa kuzichora upya. Wengi hawana miaka minne ya namna hiyo, wala hawana mtu wa kuwalipia kodi ya nyumba wakati wakisubiri. Basi na wapige hesabu ya gemu ndogo kabisa inayochezeka: mhusika mmoja mwenye picha 16 za kutembea, maadui wawili wenye fremu mbilimbili, na vigae 12 vya ardhi, maji, ukuta na mlango. Hizo ni picha 32. Kwa ukubwa wa 16 kwa 16 zinafika nukta 8,192, ambazo ni sawa na picha mbili tu za ule ukubwa wa 64 ambao wengi huanza nao.